Tauni ya mitoki na tauni ya damu: ipi ya kuogopa zaidi?

Panya akikatiza vibandani Kariakoo jioni, hakosi mtu wa kutaja tauni. Sawa, lakini tauni ipi? Kijidudu ni kilekile, bakteria aliyetambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Kinachotofautiana ni njia yake mwilini.

Ya mitoki hujitangaza. Kiroboto wa panya (daktari Mfaransa Paul-Louis Simond ndiye aliyemuumbua kuwa ndiye mbebaji, Karachi, 1898) anakuuma mguuni. Siku chache baadaye homa inapanda, na kinenani linatokeza tezi gumu, yaani mtoki, linalouma hata likiguswa na kanga tu. Wenzetu wa Lushoto, walioandamwa na ugonjwa huu kuanzia 1980, hawahitaji kuchorewa picha. Bila dawa, huua asilimia 30 hadi 60 ya wagonjwa.

Ya damu haina ustaarabu huo. Bakteria huzagaa kwenye damu, wakati mwingine bila mtoki wowote wa kukushtua. Presha inashuka, damu inaganda ndani ya mishipa midogo, vidole na ncha ya pua vinakuwa vyeusi. Isipotibiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Hapa Dar homa ya namna hiyo tungeiita malaria, tukakimbilia dawa mseto duka la mtaani. Mimi naogopa hii.

Dawa ni zilezile: streptomaisini, jentamaisini, doksisaiklini. Ila kwa ya damu, unahesabu saa, si siku.