Kiboksi cha dawa cha wiki nzima: kinamfaa mzee mwenye kisukari?

Kiboksi hiki nilimnunulia Baba kwa sababu moja: swali la "umeshameza dawa?" lilikuwa linatuharibia asubuhi. Nikiuliza, ananijibu "nimeshameza, mwanangu," na mara nyingi ilikuwa kweli, ila hakuna kati yetu aliyeweza kuthibitisha. Anatumia dawa mbili za kisukari, yaani metformin asubuhi na jioni na gliclazide na mlo wa asubuhi, halafu dawa ya presha, na ya kolesteroli usiku. Dawa zilezile, saa zilezile, kila siku ya Mungu. Mtu anakumbuka vizuri kabisa kwamba amemeza, asijue kama anachokumbuka ni cha leo au cha jana. Hata mimi nisiye mzee ningechanganyikiwa.

Chenyewe ni cha plastiki na kina vichumba 28: siku saba, na kila siku ina asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kila siku ni kipande kinachochomoka peke yake, kwa hiyo Baba akienda kliniki anatia cha siku hiyo mfukoni. Vifuniko vinapitisha mwanga, unaona ndani pana kidonge au hapana bila kufungua. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani yake yote. Sasa siulizi, napita tu mezani na kutupia jicho. Juzi Baba mwenyewe akaniambia, "Siku hizi hunihoji tena," na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoizoea.

Kuna mambo mawili sikuyapenda. Kwanza ni maandishi. Siku zimeandikwa kwa herufi moja moja za Kiingereza, T mbili na S mbili, kwa wino mwembamba. Mzee ambaye macho yameguswa na kisukari hasomi hapo. Nimebandika plasta nyeupe juu yake na kuandika kwa kalamu nene: Jtatu, Jnne, Jtano, na kuendelea. Pili ni vifuniko. Vidole vya Baba vina ganzi, na kifuniko kinataka kunyanyuliwa kwa ukucha. Anakisukuma kwa kidole gumba, hakiendi, anaongeza nguvu, kinafyatuka, kidonge kinaruka na kuingia chini ya kiti. Kuna aina yenye kitufe cha kubonyeza pembeni. Kama unanunua leo, chukua hiyo hata ikizidi bei.

Hicho kidonge cha chini ya kiti usikichukulie kama jambo dogo. Kiboksi hiki hakina kizuizi chochote kwa mtoto. Dawa za kundi la gliclazide, glibenclamide na glimepiride zinalazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, na kidonge kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi kiwango cha hatari. Kama nyumbani mna wajukuu, kiboksi kikae juu wasikofika, na kila kidonge kinachoanguka kitafutwe mpaka kipatikane.

Kitu kingine ambacho muuzaji hatakuambia: kiboksi hakijui kama mzee amekula. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini lile kundi la gliclazide linaweza, na insulini ya sindano inaweza zaidi. Ndiyo maana kwetu kiboksi kinakaa bega kwa bega na mashine ya kupimia sukari, na utaratibu tuliokubaliana na daktari ni huu: anapima, chakula kinakuwa mezani, ndipo kifuniko cha asubuhi kinafunguliwa. Ikisoma chini ya 70 mg/dL, yaani 3.9 mmol/L kwa mashine za kipimo hicho, tunaacha yote na kushughulikia sukari kwanza. Anapewa gramu 15 za sukari inayoingia haraka mwilini, kama kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwenye maji, tunasubiri dakika 15, tunapima tena. Na msisubiri atetemeke ndipo mshtuke. Kwa mzee dalili inaweza kuwa kuchanganya maneno tu, au hasira isiyo na sababu, au usingizi wa saa isiyo yake. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kuhusu mashine nitasema kidogo. Chagua yenye tarakimu kubwa na inayotunza kumbukumbu, na kabla ya kununua ulizia kama stripu zake, vile vijiti vya kupokelea tone la damu, zinapatikana muda wote. Anawe mikono na kuikausha kabla ya kutoboa kidole, kwa sababu utomvu wa tunda tu kwenye ngozi unapandisha namba. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu majibu mengi yatofautiane na maabara kwa hadi asilimia 15 sukari ikiwa 100 mg/dL au zaidi. Kwa hiyo 150 ya mashine ni jirani tu wa namba halisi. Nilipomweleza Baba hivyo, aliacha kupima mara tatu mfululizo akitafuta namba ya kumfurahisha, na vidole vyake vikapumzika.

Kujaza kiboksi ni kazi ya kutulia. Anajaza Baba mwenyewe, mimi namhakiki nikiwa na karatasi ya daktari mkononi. Dawa ni zake na mwili ni wake, sioni kwa nini nimpokonye. Daktari akibadilisha dozi tunamwaga vyote na kuanza upya, maana vichumba vilivyojazwa kabla ya kliniki vinaendelea kutoa dozi ya zamani. Pakiti hatutupi, kwa sababu ya majina na tarehe za kuisha. Mwulize mfamasia pia kama kuna dawa isiyotakiwa kutolewa kwenye pakiti yake mapema. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visivunjwe wala kusagwa, hata kama ni vikubwa kumezeka. Mkikuta kichumba cha jana jioni bado kimejaa, asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Pigeni simu muulize.

Nilijaribu pia chenye kengele. Kililia saa yake ilipofika, chakula kipo au hakipo, na Baba akawa anakikimbilia kumeza ili kinyamaze. Kwa mgonjwa wa sukari hiyo ni hatari kuliko ukimya, nikakirudisha.

Cha kawaida ningekinunua tena kwa mzee ambaye akili yake imetulia na anachohitaji ni ushahidi tu kwamba amemeza. Kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu nisingekinunua, kwa sababu anaweza kufungua Jumanne yote na Jumatano yote kwa mkupuo mmoja. Huyo dawa zifungiwe, na mtu ampe dozi mkononi huku akimwangalia anavyomeza.