Uzoefu wangu: seti ya plaizi na waya wa kufungia bolti kwa pikipiki za zamani za mbio

Seti ina plaizi ya kusokotea waya ya inchi 9, robo kilo ya waya wa stenlesi wa milimita 0.8, na biti tano za drili, za kobalti, za milimita 1.5. Nimeitumia hapa Mtwara kwenye Honda CG125 za zamani. Naipendekeza kwa yeyote anayetaka kuona pikipiki hizi zikipangwa kwenye mstari wa kuanzia badala ya kuozea chini ya mikorosho.

Mbio za pikipiki za zamani za Uingereza na Marekani hudai kizibo cha kumwagia oili kifungwe kwa waya. Kikilegea kwa mtetemo, oili humwagikia njia ya tairi la nyuma, na wanaofuata huanguka nayo. Mwenye injini nzima kabisa anaweza kukataliwa na mkaguzi kwa kukosa tundu la milimita 1.5 la kupitishia waya kwenye kizibo, na safari nyingine asijisumbue kujiandikisha.

Kazi ngumu ni kutoboa. Kizibo cha injini ya CG ni kikubwa, cha spana 24, na nyuma yake kuna springi na chujio, usivipoteze. Kibane kwenye vaisi kwa vipande vya bati laini ili pembe zisiharibike. Toboa kwenye pembe ya kichwa chake, kuingia upande mmoja na kutokea upande wa jirani. Piga tupa ya pembetatu kwanza upate kibapa kidogo, kisha alama ya senta panchi (chuma chenye ncha cha kugonga kwa nyundo), vinginevyo biti itateleza. Drili izunguke polepole, oili tone kwa tone. Biti huvunjika inapokaribia kutokea upande wa pili, kwa sababu hapo chuma hubaki chembamba na kuinasa. Punguza mkono mapema. Biti za seti hii ndizo udhaifu wake: ni ngumu lakini zinakatika kirahisi, kwa hiyo nunua za akiba.

Wanaoogopa kuharibu kizibo cha asili wana haki. Toboa kizibo cha pikipiki za Kichina zenye injini ya aina ya CG, maduka ya spea za bodaboda wanacho. Jaribu nyuzi zake kwa mkono kabla ya kukaza, na kile cha asili cha Honda kihifadhi.

Kwenye kufunga, waya uvute bolti kuelekea upande wa kukaza. Ukiuvuta kinyume, umeisaidia kulegea. Pitisha waya tunduni, usokote mizunguko mitatu kwa kila sentimita, ufunge kwenye sehemu isiyosogea ya injini, kisha ukunje ncha isichane mkono wa fundi. Kusokota kupita kiasi ndilo kosa la kawaida: waya huwa mgumu na kukatika wenyewe. Plaizi hii inasokota sawasawa, ila kufuli lake huteleza likiingia oili. Lifute.

Usibadilishe na waya wa kufungia nondo. Ni laini, na kwa hewa hii ya chumvi kuanzia Shangani hadi Mikindani unapata kutu upesi. Stenlesi hauna shida hiyo.

Robo kilo ni kama mita 60. CG moja, ukifunga kizibo cha chini, mfuniko wa kujazia oili na bolti chache za ziada, hutumia mita 2 hivi, kwa hiyo seti moja inatosha pikipiki 30. Ndiyo maana nasema asinunue kila mtu peke yake. Anayeandaa mbio anunue seti moja na biti za kutosha, atangaze siku ya kutoboa wiki mbili kabla ya kufunga usajili, na wenye pikipiki waje na kizibo mkononi. Bolti ya mkono wa breki ya nyuma haihitaji waya. Kotapini mpya (pini ya kukunja ncha inayozuia nati isifunguke) inatosha, nayo ikaguliwe siku hiyo hiyo.