Uzoefu wangu na DNP3 katika kusimamia visima vya maji kutoka mbali

Ninasimamia pampu za visima virefu na matangi ya maji yaliyo mbali na chumba cha udhibiti, na mawasiliano yote hupita kwenye mtandao wa simu. Nimetumia itifaki tatu, yaani kanuni za vifaa kuwasiliana: Modbus TCP, kisha MQTT, na sasa DNP3.

Ndani ya kituo sijaona sababu ya kuiacha Modbus, itifaki iliyotolewa na Modicon mwaka 1979. Inveta (kifaa kinachoendesha mota ya pampu), mita ya maji na kihisi cha kina cha tangi huwasiliana na kidhibiti, kompyuta ndogo ya kituo, kwa waya wa RS-485 bila matatizo. Shida huanza inapovushwa nje ya uzio, kwa sababu seva hulazimika kuuliza kila kituo kwa zamu, na jibu inalopata ni thamani ya rejista (nafasi ya kumbukumbu ndani ya kifaa) ya wakati ule tu, isiyo na saa. Mtandao ukikatika usiku, pampu ikazimika na kuwaka tena, asubuhi hakuna alama yoyote ya tukio hilo, ilhali wananchi wanauliza kwa nini maji hayakufika. Isitoshe, Modbus ya kawaida haithibitishi utambulisho: yeyote anayeufikia mlango wa mtandao namba 502, unaotumiwa na Modbus TCP, anaweza kubadili rejista.

MQTT ni nyepesi, na kituo hutuma chenyewe bila kungoja kuulizwa. Kwa kusoma vipimo pekee ningeipendekeza. Hata hivyo, haiamui muundo wa ujumbe wala haidai muda wa tukio. Hayo hutegemea aliyetengeneza kifaa.

Nimebaki na DNP3 kwa sababu tukio hurekodiwa palepale kituoni pamoja na muda wake, kisha huhifadhiwa mpaka chumba cha udhibiti kithibitishe kwamba kimelipokea. Amri ya kuwasha pampu nayo inaweza kutolewa kwa hatua mbili, kuchagua kisha kutekeleza, na hilo linanipa utulivu mkubwa fundi anapokuwa kisimani. Usanidi wake ni mzito, na hifadhi ya matukio ina ukomo, kwa hiyo kihisi kinachoripoti kila badiliko dogo la kina huijaza upesi na matukio mengine hupotea. Uthibitishaji wa utambulisho pia ni wa hiari, ndiyo maana tunaipitisha ndani ya VPN, njia ya mtandao iliyosimbwa.

Anayetaka kununua kidhibiti adai kwanza hati ya wasifu wa kifaa ya DNP3, inayoonyesha ni vipengele vipi vinavyofanya kazi kweli, kabla ya kulipa chochote.