Pensheni Jamii ya Zanzibar: nyota nne, ya tano naibania

Nyie mnareview simu na mikahawa, mie leo naleta Pensheni Jamii, ile ya wazee wa Unguja na Pemba. Anaeipokea ni bibi yangu, mie kazi yangu kumpeleka na kumshikia mkoba tangu enzi za elfu 20.

Ilianza Aprili 2016, elfu 20 kwa mwezi, watu wakacheka eti hela ya vocha, 2023 ikapanda hadi elfu 50, na inatoka bajeti ya Zanzibar yenyewe sio kwa mfadhili. Ila uhondo wenyewe sio hela, ni kwamba ukitimiza miaka 70 na ni Mzanzibari mkaazi hakuna anaekuuliza una mifugo mingapi wala nyumba yako ya bati au makuti. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, pia tunayo huku na inasaidia, watoto wa watu wanakwenda skuli kwa ajili yake, lakini ile lazima kwanza mtambuliwe nyie ndio kaya maskini, na majirani wote wanajua. Bibi yangu mie? Thubutu! Bora alale na njaa. Hii ya pensheni anaiita "mshahara wangu", siku hiyo anajifukiza udi asubuhi utasema anakwenda harusini.

Akishazipata anahesabu mara mbili, mwenyewe, usimsaidie. Kipande anafunga kwenye pindo la kanga, kingine moja kwa moja dukani kufuta deni la sukari na unga wa ngano, kitukuu anapewa elfu yake, halafu anakaa barazani kimyaaa kama waziri.

Wenzetu Kenya wana Inua Jamii, wazee wa 70 kwenda juu shilingi 2,000 zao kwa mwezi, pamoja na kaya zenye mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Halafu Uingereza huko tunakokuona peponi, ukiomba Universal Credit, msaada wa serikali yao kwa wenye kipato kidogo, malipo ya kwanza unangoja kama wiki 5, ukisema una shida sasa hivi wanakupa advansi wanayokuja kukukata, yaani unaanza msaada na deni juu 😂

Sasa kwa nini sitoi nyota ya tano. Miaka 70 mbali jamani. Mvuvi magoti yameshakwisha ana 64, huyo akale wapi miaka sita hiyo? Na elfu 50 yenyewe polo la mchele huligusi. Afu kuna kijana wa bodaboda mtaani kwetu siku ya malipo anapandisha nauli mara mbili akiona kikongwe, huyo sina nyota ya kumpa.

Anaempeleka mzee wake: kitambulisho usisahau, toka mapema, na beba kistuli cha kukalia.