Dar mpaka Pemba kwa ndege ndogo na mama: beba kilo 15, na wewe mwenyewe utapimwa

Nimerudi juzi toka Pemba, nikasema hii lazima niiandike maana kabla ya kwenda nilitafuta mtu wa kunieleza vizuri nikakosa, kila mtu anaongelea Unguja na fukwe zake basi. Tulikuwa mimi na mama, tunaenda arusini kwa mtoto wa mjomba, Wete. Mama ni Mpemba kabisa, kazaliwa huko, ila boti hapandi. Tangu ile meli iliyozama Septemba 2011 mkondo wa Nungwi ikiwa inaenda Pemba usiku, imejaa watu kupita kiasi, ukimtajia boti anakuangalia tu hakujibu. Kwahiyo tukajichanga ndugu watatu tukamkatia ndege. Na hela ya ndege sio hela ya boti jamani, hilo mjiandae.

Kosa la kwanza ni langu mwenyewe. Nilimwambia dereva wa teksi atupeleke eapoti, nikaishia hapo. Akatushusha Terminal 2 vizuri tu, nikamlipa, akaondoka, tumejipanga na mabegi yetu mpaka mlangoni, askari anaangalia tiketi ananiambia "dada, nyinyi mnaondokea Terminal 1". Hiyo Terminal 1 ndio ile ya zamani kabisa, ndogo, na sio mlango wa pembeni kwamba utatembea, unatoka nje upande gari tena. Usafiri mwingine, hela nyingine, na mama anasoma dua. Kwahiyo ukikata tiketi ya hizi ndege ndogo uliza kwanza terminal ipi, na dereva mtajie namba, usiseme eapoti tu.

Sasa mizani. Kwenye tiketi imeandikwa kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi, mimi nikasoma nikapita kama ninavyopita vitu vingi. Hawatanii. Na begi wanataka laini, sio lile gumu la matairi, kwasababu mizigo inaingia kwenye kile kitumbo chini ya ndege na begi gumu halikunjiki. Mimi nilikuwa na hilo hilo gumu. Kilo 21. Nikaanza kutoa viatu pale mbele ya watu.

Nikajua yameisha, kijana wa kaunta akasema "mama, samahani, panda na wewe hapa". Mama akaangalia mizani, akamwangalia kijana, akaniangalia mimi. "Nimekuwa karafuu mie hata nipimwe?" Foleni nzima ikacheka, kijana mwenyewe akacheka, ila ikabidi apande, akavua viatu kwanza kana kwamba vile ndio vitampunguzia. Namba anaiona kijana peke yake, haitangazwi, kwa hiyo wenye aibu msiogope. Na sababu ipo, ndege yenyewe ilikuwa Cessna Caravan, injini moja ya propela, ikijaa kila kitu, watu na mafuta na mizigo, haitakiwi kuzidi kama tani 4. Wanajumlisha halafu wanapanga nani akae mbele nani akae nyuma. Ukiambiwa hama siti hama tu, usilete ubishi wa nimewahi.

Ndani ni kama daladala ya kipanya, unaingia umeinama. Rubani alikuwa peke yake, kijana mdogo tu, akamsalimia mama shikamoo. Mama akaitika marahaba halafu akauliza mwenzio yuko wapi. Rubani akamwonyesha jamaa aliyekaa kulia kwake, abiria kama sisi tu, akasema "huyu hapa mama, ila yeye haruhusiwi kugusa kitu". Mama hakucheka.

Ila sasa ikipaa! Mabawa ya hii ndege yapo juu ya madirisha kwahiyo chini unaona kila kitu, na hairuki juu sana. Dakika 20 hivi tupo Unguja, wengine wakashuka pale Abeid Amani Karume, wengine wakapanda, tukaondoka tena. Kaeni dirisha la kushoto mkiweza. Unaiona Tumbatu, halafu bahari inabadilika rangi ghafla, toka ile ya kijani ya mchangani inakuwa bluu nzito inayotisha, ndio mkondo wenyewe huo. Pale mama akanishika mkono. Hakusema kitu na mimi sikusema, tukakaa hivyo mpaka akaiona Misali, kile kisiwa kidogo cha karibu na Pemba. Akaijua kabla yangu. Kuanzia hapo akawa msemaji wa ndege nzima, ile minazi ya wapi, kile kijito cha wapi, babu yake alikuwa anavua wapi.

Mtikisiko upo, siwadanganyi, ila tulienda asubuhi na ilikuwa kidogo. Kurudi tulipanda mchana jua limeshapanda na mawingu yamejaa, tukarushwa kama maharage kwenye ungo. Kata ya asubuhi.

Kiwanja cha Pemba ni kidogo, kipo karibu na Chake Chake, unashuka unatembea kwa miguu mpaka kwenye jengo. Na hapo ndio lawama yangu. Begi moja halikuja. Ndege ilikuwa nzito wakaliacha Dar bila kutuambia, tumeshafika ndio wanasema litakuja na ndege ya jioni. Ndani yake kuna sare za arusi. Jioni hola. Nikapiga simu mpaka nikachoka, kila anayepokea ananiambia subiri dada. Lilifika kesho yake saa nne asubuhi, na hapo ilibidi nitoke Wete na gari ya 606 mpaka Chake kulifuata, bibi arusi ameshatoka ndani. Mama kavaa dera la wifi yake kwenye picha zote. Kampuni siitaji, lakini kubakiza mzigo kwasababu ya uzito naelewa kabisa, kunyamaza ndio sielewi, meseji moja tu wangetuma kabla hatujapaa ningetoa zile sare nikazishika mkononi.

Kurudi mama alitaka kubeba karafuu kavu, mfuko wa haja. Mjomba akamkatalia, karafuu anayenunua ni ZSTC peke yake, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ukikamatwa nazo nyingi hivyo bila kibali ni magendo. Akaishia na halua kwenye kikapu cha ukili, karibu kilo 3, hiyo tukapakata.

Nyota nne kwa rubani na kwa safari yenyewe, mbili kwa upande wa mizigo. Kwenye mizani ya Chake mama alipanda bila kuambiwa, na viatu vyake miguuni, kikapu kakishika, akamwambia yule dada wa kaunta "tupime sote wawili".