Kutuma andiko la ikolojia kwenye jarida la kimataifa nikiwa Mwanza: uzoefu wangu

Andiko letu lilihusu samaki wachanga wanaokulia kwenye mafunjo ya Ghuba ya Mwanza, na kinachowapata pale mafunjo yanapofyekwa au magugu maji yanapofunika uso wa maji. Tulilituma kwenye jarida la ikolojia ya maji baridi lililo chini ya mchapishaji mkubwa wa Ulaya. Jina silitaji, maana nina la kusifu na la kulaumu. Nawaandikia wenzangu wa vyuo na vituo vya utafiti kanda ya ziwa, hasa wale wenye data nzuri zilizolala kwenye kompyuta kwa sababu ya kuiogopa kazi hii.

Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu jarida jingine, likatukatalia bila hata kulipeleka kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaolikagua andiko kabla halijachapishwa. Mhariri alisema mada yetu ni ya eneo dogo mno. Iliniuma, na mpaka leo naamini hakututendea haki. Ziwa Victoria lina takriban kilometa za mraba 68,800. Tena ghuba yetu ndiyo ambako timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, iitwayo HEST, ilianza kufuatilia furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mwaka 1977, kabla sangara, samaki wa kupandikizwa anayewala, hajafurika. Sehemu kubwa ya yale ambayo wanaikolojia wa dunia nzima wanafundishwa kuhusu samaki wa kupandikizwa na kutoweka kwa spishi za asili ilipimwa hapa, kwenye maji haya haya tunayoyavuka kwa kivuko cha Kamanga.

Kwa jarida la pili tuliiandika upya barua kwa mhariri. Jina la ghuba tulilishusha mpaka aya ya pili, tukaanza na swali ambalo mtu wa ziwa lolote angelielewa: samaki mchanga anaokolewa na maficho ya mimea yenyewe, au na uhaba wa oksijeni ndani ya mimea, ambao sangara hauwezi ilhali furu wengi wanaustahimili? Barua haikuzidi nusu ukurasa. Safari hii andiko lilipelekwa kwa wapitiaji, na sina shaka barua ile ilichangia.

Mfumo wa mtandaoni wa kutuma andiko, lakini, unachosha. Unapita kurasa kadhaa za maswali, unapakia faili moja moja, kisha unasubiri mfumo uziunganishe kuwa PDF ndipo uidhinishe. Bando likikata katikati, au umeme ukienda na ruta ikazimika, kuna kurasa zinazokurudisha mwanzo. Ramani yenye ubora wa nukta 300 kwa inchi ni faili zito, na kwetu ndiyo iliyogoma mara kwa mara. Nashauri upakie alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, na maelezo yote uwe umeyaandika pembeni ili unakili tu: ikisiri, mchango wa kila mwandishi, tamko la fedha, tamko la data, namba ya ORCID (utambulisho wa mtafiti) ya kila mmoja. ORCID ni bure, na wenzako wawe wamejisajili kabla ya siku ya kutuma.

Kuna jambo moja kwenye mfumo huo ambalo wachapishaji wanapaswa kulirekebisha. Unaombwa upendekeze wapitiaji, na barua pepe zao ziwe za taasisi. Watafiti wengi wazuri wa kwetu wanatumia Gmail, kwa kuwa barua pepe ya ofisi ikilala wiki nzima kazi inasimama. Mfumo unawatilia shaka kwa hilo tu. Matokeo yake majina ya Watanzania, Waganda na Wakenya wanaolijua ziwa yanaachwa, na andiko linasomwa na watu ambao hawajawahi kuona mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Mimi niliwaandikia ofisi ya jarida moja kwa moja, nikaeleza nani ni nani na kazi zao ni zipi, wakayapokea majina.

Wapitiaji walikuwa wawili, na majibu yalichelewa kuliko muda uliotangazwa na jarida. Lakini yalipofika! Yule wa pili alikuwa amesoma kila mstari. Aliuliza kama migono yetu, yaani mitego ya samaki, inanasa samaki kwa kiwango kile kile ndani ya mafunjo na kwenye maji ya wazi; kama sivyo, alisema, basi tunachokilinganisha ni migono wala si samaki. Nilikaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu. Tulirudi kwenye daftari za ziwani, tukaingiza kina cha maji na oksijeni ya kila asubuhi kwenye uchambuzi, na dai letu moja tukalipunguza makali. Andiko lililotoka ni bora kuliko lile tulilotuma, kwa mbali sana. Kazi ya namna hii mpitiaji halipwi, na mtu huyo hata jina lake silijui. Namshukuru kwa moyo wote.

Mtihani mkubwa ulikuja kwenye data. Jarida lilitaka data zote ziwekwe wazi pamoja na pointi za GPS za kila tulipotega. Nakubaliana kabisa na data kuwa wazi. Zetu tuliziweka Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, ambako ni bure na unapata DOI (namba ya kudumu ya kuzinukuu), pamoja na msimbo wa R, programu ya takwimu tuliyotumia. Ila pointi zile zilikuwa zinaonyesha vichaka vya mafunjo ambamo samaki wachanga wamejaa. Anayevuta kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hata samaki wachanga, akizipata, anajua pa kwenda usiku. Kokoro limepigwa marufuku, lakini yeyote anayeishi pembezoni mwa ziwa anajua kwamba bado linavutwa. Wavuvi wa BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi mwaloni) waliotupeleka huko kwa mitumbwi yao walituonyesha maeneo hayo kwa kutuamini. Tulimwandikia mhariri, tukaeleza hatari hiyo kwa kirefu, tukaomba pointi zitolewe kwa kukadiria tu, na zile kamili zibaki kwetu kwa mtafiti atakayeziomba kwa sababu ya msingi. Alijibu yeye mwenyewe, akakubali, akataka tu tuliseme hilo wazi kwenye tamko la data. Kwa jibu hilo peke yake nitaendelea kulitetea jarida hili mbele ya wenzangu.

Kuhusu fedha, tozo za kuchapisha zinazozidi dola 2,000 ni za kawaida kwenye majarida makubwa yaliyo wazi kwa wasomaji wote. Usikate tamaa ukiiona namba hiyo. Tanzania imo kundi A la Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata majarida, na wachapishaji wengi husamehe tozo kwa waandishi wa kundi hilo. Lakini uliza siku ile ile unayotuma, maana wapo wasiopokea ombi likija baada ya andiko kukubaliwa. Angalia pia aina ya jarida: yale yanayochanganya makala za wazi na za kulipiwa na wasomaji mara nyingi hayamo kwenye msamaha, ila ukichagua njia ya kawaida hulipi kitu.

Tuliomba pia ikisiri ya Kiswahili iambatanishwe, wakaiweka kwenye viambatisho. Baadhi ya majarida ya Jumuiya ya Ikolojia ya Uingereza yana utaratibu huo wa ikisiri ya lugha ya pili, kwa hiyo ombi lenyewe si geni. Nakala yake tumewapelekea BMU, na mwenyekiti wao tayari ana maswali ambayo mpitiaji hakuyauliza.

Mwisho kabisa huja nakala ya kusahihisha, na kwa kawaida unapewa saa 48 tu, kwa hiyo usiwe safarini Ukerewe wiki hiyo. Soma majina kwanza. Mfumo unakuuliza lipi ni jina la kwanza na lipi la ukoo, na ukilipuuza swali hilo mwenzako ataorodheshwa kwa jina lisilo lake kila makala hiyo itakaponukuliwa. Kisha kagua majina ya mialo kwenye ramani, herufi kwa herufi.

Mfumo naupa nyota mbili, mhariri na wapitiaji tano. Andiko la dagaa linalofuata tunalipeleka huko huko.