Huduma ya GraphHopper ya kupanga njia: wakati wa kusubiri jibu na wakati wa kuliacha foleni

Kwa anayesambaza mizigo Mombasa na Pwani ya Kusini, kutoka ghala la Shimanzi kwenda maduka ya Kongowea, Bamburi na Ukunda, jambo la kwanza kuulizwa kuhusu huduma ya kupanga njia huwa ni bei. Kwa maoni yangu, linalostahili kutangulia ni namna huduma inavyojibu: je, inamshikilia mwombaji mpaka jibu litoke, au inapokea kazi, inampa namba, kisha inamwacha arudi kulichukua baadaye? GraphHopper, kampuni ya Ujerumani inayotumia ramani huria za OpenStreetMap, inatoa njia zote mbili katika huduma yake ya kupanga mizunguko ya magari, na hapo ndipo nilipoelekeza uhakiki huu.

Ombi la kusubiri, yaani ombi sinkroni, hupelekwa kwenye anwani ya /vrp, nalo limekusudiwa kazi ndogo zinazomalizika chini ya sekunde 10. Linamfaa karani aliye na mteja wa Tudor kwenye simu, anayetaka kujua kama mtungi wake wa gesi utaingia katika safari ya leo. Programu yake ni nyepesi kuandika. Ila usalama wake wote umo katika mawasiliano kubaki wazi: intaneti ikikatika, au seva ya katikati ikichoka kusubiri na kurudisha kosa la 504, jibu hupotea hata kama hesabu ilikuwa karibu kuisha. Katika huduma nyingine niliyowahi kuitumia, karani alikuwa akibonyeza tena kila skrini inapoganda, na hesabu ile ile ikaanza upya huku ya kwanza ikiendelea.

Ombi asinkroni huenda kwenye /vrp/optimize na kurudisha namba ya kazi papo hapo, kama risiti ya fundi cherehani. Programu huitumia namba hiyo kuuliza hali: iko foleni, inashughulikiwa, au imekamilika. Mpango wa kesho ukitumwa jioni na namba ikahifadhiwa kwenye hifadhidata kando ya tarehe, hata umeme ukipotea ofisini hakuna kilichoharibika, kwani mwenzako anaweza kulichukua jibu kwa kompyuta nyingine. Muda kati ya swali na swali nao uwe wa busara. Kazi kubwa haiharakishwi kwa kuulizwa kila mara.

Wengi huchagua kwa kuhesabu vituo tu. Ni kweli kwamba vituo 10 vinaweza kupangwa kwa taratibu 3,628,800, na vituo 15 huvuka trilioni 1.3, ingawa programu haizipitii zote, bali hutumia mbinu za kukaribia jibu bora. Lakini masharti nayo yana uzito: duka la Ukunda linalopokea mzigo kabla ya saa nne asubuhi tu, au pikapu isiyobeba zaidi ya tani moja. Ndiyo maana mimi hupima kwanza kama kuna mtu anayesubiri jibu, kisha ndipo nitazame ukubwa wa kazi.

Hakuna kati ya njia hizo mbili inayoujua msongamano wa Likoni, kwa sababu ramani huweka muda wa kuvuka tu, si foleni ya magari kabla ya feri. Feri ikikwama mchana, gari moja lielekezwe barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri, kwa ombi sinkroni. Magari yote yakipangwa upya, kazi hiyo iende foleni.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nimezuia moja kwa kuwa uamuzi wa anwani ya kutumia umeachwa kwa mwandishi wa programu; ningependa ombi liwe moja, na kazi iliyozidi sekunde 10 ibadilishwe yenyewe kuwa ya foleni.